Makanisa Mawili, Benchi Moja

Mtamboni,
9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini uko mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na Kitinda, mdogo wetu wa mwisho. Sisi huku hatujambo, ila wifi yako asubuhi bado hataki kuona chakula wala mtu anayekula. Nikuambie mwenyewe kabla hujaletewa na wambea: ni mjamzito. Daktari anasema mwanzoni mwa Juni.

Kazi ni ileile. Tunayavuta maji mtoni yakiwa na rangi ya chai, tunayatia dawa, tunayaacha yatulie matangini, tunayachuja, kisha mimi nayapima kabla hayajaenda mjini. Watu wanafungua bomba na kunywa bila kutuwaza. Ndivyo inavyotakiwa.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu kanisa letu ligawanyike hatujaandikiana, na mwaka unaelekea kwisha. Wewe ulitoka na kina shemeji, mimi nikabaki upande wa mchungaji mpaka kazi iliponihamishia huku. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze. Lakini mkubwa hatumwi, hutumwa mdogo, basi nimejituma.

Nimesikia mmeunda kamati ya umoja, wazee wa kwenu mnaosali sasa ghalani na wazee wa kanisa la zamani, na kwamba shemeji ndiye anayewaongoza wenu. Habari hiyo imenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Nimeanza kuandika mapendekezo. Mambo ya namna hii yanataka utaratibu. Watu wakikubaliana kwa maandishi, mioyo itafuata nyuma.

Bado naiona siku ile. Nilikuwa nimesimama na kwaya, wewe umesimama mbele ya viziwi, unawatafsiria mahubiri kwa lugha ya alama. Mchungaji akasema wanaompinga ni makapi, Mungu anapepeta na upepo utawachukua. Nikakuona umeshusha mikono. Neno lile hukulitafsiri. Ulichukua mkoba wako ukatoka, na wiki ileile nusu ya kanisa ikatoka. Sikukulaumu siku hiyo na sikulaumu leo.

Ila kuna jambo linanisumbua. Mkalimani ulikuwa wewe peke yako, na ulijifunza lugha ile kwa ajili ya Kitinda, tangu alipokuwa mtoto na tukagundua hasikii. Sasa anasikilizaje mahubiri?

Ni mimi mdogo wako.


Nyumbani,
2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba nyingi, maana zimelimbikizana. Barua yako niliisomea kazini, kwenye chumba cha kufulia, nimekaa juu ya furushi la mashuka ya wodi ya watoto. Wenzangu waliponiona nafuta macho nikasingizia sabuni.

Hongereni kwa mzigo mtakatifu. Mwambie wifi asilazimishe kula asubuhi. Ale akipata hamu, hata kama ni saa ya watu kulala.

Huku tunaendelea. Shemeji yako bado anatengeneza majokofu ya watu, na sebule yetu imekuwa makaburi yao. Juzi mgeni alikaa juu ya moja akidhani ni kiti. Binti yangu mkubwa anajiandaa na mitihani. Kitinda amepata kazi ya kuandika bango la duka la dawa, herufi nyekundu zenye kivuli, na mwenye duka kafurahi kiasi cha kumsimamisha kila mpita njia ili alitazame. Anakusalimu sana.

Kamati ipo. Kikao cha kwanza kilikwisha wakibishana nani afungue kwa sala, mtu wetu au mtu wao. Cha pili kiliisha kwenye viti vya plastiki tulivyotoka navyo: ni vya kanisa gani. Juzi shemeji yako alirudi akiwa na uso mkunjufu. "Mke wangu, leo tumepiga hatua." Nikamuuliza hatua gani. "Tumekubaliana tarehe ya kikao kijacho."

Nisicheke sana. Anahangaika kwa moyo wake wote, na usingizi hauji vizuri.

Na wewe, mdogo wangu, unasali wapi huko? Umeniandikia habari za maji mpaka nikalowa, lakini habari za kanisa la huko hukunipa hata nusu neno.

Dada yako.


Mtamboni,
30 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mko salama. Wifi yako sasa anakula, tena anakula hadi sehemu yangu, na anasema ni mtoto ndiye anayeomba. Mvua zimetuzidi. Mto umeleta matope mengi na tunaosha machujio mara mbili zaidi ya kawaida.

Nimekuwekea humu kurasa za mapendekezo yangu. Mpe shemeji. Kwa kifupi nasema hivi: wazee wa pande zote wawe idadi sawa, mimbari iwe kwa zamu, mchungaji ahamishwe ndani ya mwaka mmoja, kwa heshima, na kanisa lipewe jina jipya ili asionekane mshindi wala mshindwa. Nimeyapima kila upande kama ninavyopima maji. Sioni ni mtu gani mwenye akili timamu atakayekataa.

Kuhusu mimi kusali, kazi ya mtambo haina Jumapili. Maji hayajui siku.

Kuhusu Kitinda hukunijibu.

Mdogo wako.

Wifi yangu, shikamoo. Nimepewa bahasha niipeleke posta, nikaona chini pamebaki nafasi. Ni kweli maji hayajui siku, lakini mume wangu Jumapili yuko nyumbani anaosha baiskeli. Sasa inang'aa kuliko sahani zangu. Kanisani naenda peke yangu na tumbo langu. Usimwambie kwamba nimekwambia. Najua utamwambia.


Nyumbani,
26 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ilifika mapema Aprili. Nimeanza kuijibu mara nyingi, na kila nikifika kwenye swali lako la Kitinda kalamu inagoma.

Nyumbani tuko wazima. Shemeji yako alipigwa na umeme kidogo wakati anafungua jokofu la hoteli, akarushwa, akainuka akisema sasa amejua tatizo liko wapi. Binti amemaliza mitihani na analala kama aliyelipwa kulala. Kurasa zako alizipeleka kikaoni. Wa kwao wameuliza kwa nini mchungaji ahame, wa kwetu wameuliza kwa nini angoje mwaka mzima. Basi.

Wifi kaniambia habari za baiskeli. Sitasema zaidi, maana nami nina baiskeli yangu.

Kila Jumapili mimi na Kitinda tunatoka nyumbani pamoja. Tukifika kwenye njia panda ya kituo cha mafuta, yeye anakata kushoto kwenda kanisa la zamani, mimi nakata kulia kwenda ghalani. Mwanzoni nilimwambia twende wote ghalani, nitamtafsiria. Akanijibu kwa mikono, "Na wenzangu?" Viziwi wengine wanatoka mbali, wamezoea pale, benchi lao liko dirishani penye mwanga ambapo mikono inaonekana vizuri. Hatawaacha. Unamjua Kitinda: akikataa, hata umbebe.

Jumapili moja ya Aprili mvua ilianza ghafla, nikatoka ghalani mapema nimpelekee mwavuli. Nilisimama nje ya dirisha lile. Mahali pangu alikuwa amesimama Kitinda. Kitinda asiyesikia hata radi. Alikuwa anasoma midomo ya mchungaji, kisha anawageukia wenzake na kuwapa alichoambulia. Mahubiri yalikuwa ya baba aliyemngoja mwanawe mpotevu. Nenda mbele ya kioo, useme "baba," useme "mama," uone kama midomo itakuonyesha tofauti. Kwa hiyo wao walipewa habari za mama, halafu za baba, halafu za mama tena, na kila mchungaji alipogeuza uso, hawakupewa chochote. Kwanza walitazamana. Kisha mmoja mmoja wakaacha kumtazama Kitinda, wakawa wanatazama mvua. Naye akaendelea kutafsiri, hakuna anayemwona.

Nikaegemeza mwavuli mlangoni, nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa.

Sasa sikiliza lililo gumu zaidi. Tangu mwaka jana, mimi na akina mama wa ghalani tunafunga na kuomba kila Jumatano ili Mungu aliunganishe kanisa. Naomba kwa dhati. Lakini tangu siku ile, nikinyamaza ili nisikie, silioni kanisa. Naliona benchi. Nikisema, "Bwana, lainisha moyo wa mchungaji," naona benchi. Nikisema, "Bwana, iongoze kamati," naona benchi. Sijatokewa na malaika, sijasikia sauti. Ni benchi tu, na mvua dirishani. Nimemjibu kwamba siyo hilo nililoomba.

Kwenda pale maana yake ni kusimama chini ya mtu aliyeniita makapi na kuyabeba maneno yake kwa mikono yangu. Na kazi ile haifanywi kwa nusu moyo, maana uso nao husema. Mkalimani mwenye kinyongo, viziwi humsoma kabla hajainua kidole.

Shemeji yako sijamwambia. Wala sijaenda. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali.

Dada yako.


Mtamboni,
14 Juni

Dada,

Shikamoo. Umekuwa shangazi. Amezaliwa tarehe tano, msichana, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtambo mzima. Wifi yako hajambo, ila usingizi tunausikia kwa jirani tu.

Barua yako imeniumiza kwa ajili ya Kitinda. Lakini nakuomba usiende. Siyo kwa ubaya. Ukiingia pale leo, watasema mmoja amerudi, wengine watafuata, kwa hiyo hakuna haja ya kamati. Watakutumia. Na wa kwenu watasema umewasaliti, tena mke wa kiongozi wao. Utakuwa umebomoa pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Subiri. Nitaliongeza suala la viziwi kwenye mapendekezo, lijadiliwe kwa utaratibu. Ukitaka kunyoosha kitambaa hukivuti uzi mmoja.

Na hilo la kuona benchi, dada, unafanya kazi nzito na unafunga kila Jumatano. Mwili ukichoka huona mengi.

Wifi yako anataka mtoto abatizwe. Nimemwambia tutangoja mpaka kanisa la nyumbani liwe moja, tumlete huko. Sitaki mwanangu abatizwe kwenye nusu ya kitu. Kuhusu mimi kusali, nimeshakwambia. Naomba usiniulize tena.

Mdogo wako.


Nyumbani,
20 Julai

Mdogo wangu,

Hongera, baba mtu. Mwambie wifi nimecheza peke yangu kati ya mashuka. Nimemfumia mtoto sweta, nalituma pamoja na barua hii. Likimpwaya, atakua.

Ushauri wako niliupima. Kila ulilosema lilikuwa kweli. Watanitumia, kweli. Wa kwetu watasema, kweli. Nilikaa na barua yako jikoni nikitafuta ulipokosea, sikupaona. Kitu kimoja tu hukukigusa: kama Mungu ndiye aliyenionyesha lile benchi, au siye. Na mimi ninajua.

Jioni ile nikamwambia shemeji yako. Alikuwa anamenya vitunguu, afadhali, maana sikuweza kujua machozi ni ya nini.

"Unataka kwenda kumtumikia yule?" akaniuliza.

"Nataka kwenda kwa Kitinda na wenzake."

"Na mimi nitakaa vipi kikaoni? Nadai haki ya watu wetu, na mke wangu yuko kwao?"

"Sijui utakaaje," nikamwambia. "Naomba unisamehe. Tumeomba mwaka mzima tuambiwe la kufanya. Nimeambiwa. Nikisema sitaki, Jumatano nitaomba nini?"

Alimenya mpaka vikaisha, na vingine ambavyo hatukuvihitaji. Kisha akasema, "Mimi siwezi kukuruhusu. Lakini siwezi kukuzuia." Kutoka kwake, mdogo wangu, hilo ni tamko kubwa.

Jumapili ilipofika, pale kituo cha mafuta nilikata kushoto. Kitinda akasimama. Akadhani nimesahau njia, akanishika bega anigeuze. Nilipomwambia nakwenda naye, akaniachia bega. Aliongeza mwendo nikawa namkimbilia nyuma.

Mchungaji alikuwa mlangoni anasalimia watu. Aliponiona mkono ukamganda.

"Umerudi kwetu?"

"Nimekuja kutafsiri."

Akangoja niongeze neno. Akaniambia karibu, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anakaribisha baraka au kesi.

Nilidhani sehemu ngumu itakuwa kuingia. Haikuwa hiyo. Sehemu ngumu ilikuwa pale mahubiri yake yalipokuwa mazuri. Nilitaka yawe mabaya, unanielewa? Alisema juu ya uvumilivu wa Mungu, na ili niwape wale watu maneno yake ilinibidi kwanza niyaelewe, na ili niyaelewe ilinibidi niyaruhusu yapite ndani yangu. Hakuna njia ya pembeni. Mwanzoni uso wangu ulikuwa mgumu, na mzee mmoja kiziwi, fundi magodoro, akaniuliza kwa alama katikati ya ibada kama naumwa tumbo. Nikacheka. Baada ya hapo ikawa nyepesi kidogo. Nikatafsiri mpaka neno la mwisho, mabega yakawaka moto, sijazoea tena. Nao hawakutazama dirishani.

Gharama nayo ipo. Mama anayeongoza sala zetu za Jumatano aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe pumzika kwanza, mpaka ujue uko wapi." Kwa hiyo sasa Jumatano naomba peke yangu nyumbani. Pale kanisa la zamani nako wako wanaonipita kama nguzo. Nimetoka upande mmoja na sijafika mwingine. Sina furaha ya kukuandikia, lakini nina amani, na nilikuwa nimesahau ladha yake.

Ulisema nisikuulize kuhusu kusali. Sijakuuliza.

Dada yako.


Mtamboni,
25 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sweta limefika. Linampwaya, na wifi yako anasema ndiyo uzuri wake. Mtoto anacheka sasa, hasa akiniona nimekasirika.

Shemeji ameniandikia mwenyewe, mistari mitano, kwamba kamati imevunjika. Wa kwao walitoka kikaoni kwa sababu ya neno moja kwenye mapendekezo, lile la mchungaji kuhamishwa, na neno hilo lilikuwa langu. Nilikaa na barua yake mkononi nikiwa kazini mpaka msimamizi akaniuliza kuna msiba.

Nikasoma tena barua yako. Nilitaka nikuandikie kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi, maana kweli wamekutumia na kweli wamekutenga. Sikuweza. Wifi yako alikuwa ananyonyesha, akaniuliza, "Dada anasemaje?" Nikamsomea yote. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Yeye ameambiwa kitu kimoja akakifanya. Wewe umeambiwa nini?"

Nikamjibu sijaambiwa kitu.

"Hujaambiwa, au hujauliza?"

Dada, tangu nihamie huku sijakanyaga kanisa lolote. Hapa jirani lipo moja, la watu wa madhehebu mengine, ndilo analokwenda wifi yako. Nilijiambia siwezi kukaa kwa wageni wakati kwetu kumevunjika. Kisha nikaacha hata kuomba mwenyewe. Nilichokuwa nafanya ni kutunga taratibu za kanisa. Nilikuwa nangoja kanisa liungane ndipo nirudi kwa Mungu. Ukiyasema hivyo kwa sauti, unaona yalivyo.

Basi niliuliza. Sina uzoefu kama wako, sikuona benchi wala kiti. Nilijua tu kwamba Jumapili niende na mke wangu, nikae, ninyamaze. Nimekwenda mara tatu sasa. Nyimbo zao wanazivuta mpaka mtu anaweza kupika katikati ya ubeti. Nilikaa nimekunja mikono nikipima kila kitu. Mara ya pili, mzee mmoja aliombea watu wanaofanya kazi ya maji, akashukuru kwamba tunawatunzia afya. Hajui kwamba mimi ni mmoja wao. Hakuna aliyewahi kuniombea kwa kazi ile. Nikakunjua mikono.

Tunabatiza mwezi ujao, hapahapa. Wifi yako anasema mtoto hatabatizwa kwenye nusu ya kitu, na safari hii namwamini.

Nimeacha kuandika mapendekezo. Naomba tu unieleze yanayotokea.

Mdogo wako.


Nyumbani,
2 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na Mungu amkuze mtoto. Picha ya ubatizo tumeiweka juu ya jokofu, lile letu, lisilo la mteja. Shemeji yako anasema amefanana na yeye. Undugu wa damu hawana, lakini mwache afurahi.

Binti amefaulu. Kitinda anazidiwa na kazi za mabango, sasa anatafuta wa kumsaidia.

Niliendelea kutafsiri kila Jumapili. Mahubiri yakiwa na maneno magumu nilikwama, kwa hiyo nikamwomba mchungaji awe ananiambia mapema atakachosema. Akaanza kuniletea Jumamosi, kwenye karatasi. Mwanzoni alikuwa anaishia getini. Jumamosi moja ya Septemba nilikuwa sijatoka kazini, akamkuta shemeji yako sebuleni amelala kifudifudi nyuma ya jokofu. Walikuwa hawajasalimiana nje ya kikao tangu mwaka jana. Shemeji yako, bila kuinua kichwa, akidhani ni Kitinda amemwekea kivuli, akanyoosha mkono nyuma kuomba tochi. Mchungaji akaiokota, akapiga magoti, akammulikia.

Niliporudi niliwakuta hivyohivyo, jokofu limeshaanza kunguruma na wao hawajatoka sakafuni. Mchungaji alikuwa anasema, "Siku hizi nikiandika mahubiri najiuliza kama mkeo ataweza kuyasema. Kuna maneno nimeyafuta." Shemeji yako akamuuliza ni maneno gani. Akazima tochi. Kisha akasema, "Lile moja siwezi kulifuta. Nilishalisema."

Nikaweka mkoba chini. Akanigeukia. "Mama, nami niliambiwa. Zamani sana, kabla ya kamati. Niliambiwa niende ghalani niwaombe radhi. Nikasema kamati ikikubaliana nitakwenda. Kumbe nilikuwa naiombea isikubaliane."

Shemeji yako akakung'uta magoti. "Kesho ni Jumapili," akamwambia. "Tunaanza saa tatu."

Alikuja, nami Kitinda akaniruhusu siku ile moja nikate kulia. Kanisa la zamani alimwachia mzee mmoja aongoze, yeye akaja ghalani peke yake, kwa miguu, bila kanzu wala kola. Hakupanda mbele mpaka alipoitwa. Alilitaja lile neno kama lilivyokuwa, hakulipaka sukari. Akasema, "Niliwaita hivyo na Mungu hakuwa amenituma. Naomba mnisamehe." Hakusema rudini. Hakusema tuungane. Akarudi kukaa.

Nisikudanganye kwamba ghala zima lililia. Wako waliotoka, na wengine hawajarudi mpaka leo. Mwalimu mmoja mstaafu alisema msamaha umechelewa. Lakini yule mama wa sala za Jumatano aliinuka. Kisha akasema, "Mimi nimekuwa nikiomba Mungu amshushe huyu mtu. Nilidhani ni maombi ya umoja." Akakaa. Jumatano iliyofuata alikuja kunigongea mlango, twende pamoja.

Bado tuna majengo mawili, mdogo wangu. Bado kuna viti ambavyo havijulikani ni vya nani. Mchungaji mwenyewe amewaandikia wakubwa wake kwamba wakiona vema wamhamishe, na hatujui watasemaje. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Ila mwezi uliopita watu wa ghalani waliomba wakasali kanisa la zamani, siku moja tu, kumuuliza Mungu anataka nini. Siyo kujadili. Kuuliza na kunyamaza. Tulijaa mpaka kwenye ngazi za nje.

Ilipofika sala ndefu, watu wote wakafumba macho. Viziwi huwezi kuwaambia wafumbe, wakifumba sala imekatika kwao. Nami siwezi, wanategemea mikono yangu. Kwa hiyo katika kanisa lile zima tuliokuwa macho wazi ni watu wa benchi moja na mimi. Niliona wanavyoinama. Yule mama wa Jumatano alikuwa ameegemea bega la mke wa mchungaji, sidhani kama alijua ni bega la nani. Shemeji yako alikuwa sakafuni karibu na mwalimu mstaafu, ambaye sikumwona anaingia.

Kitinda naye alikuwa anatazama. Akanigusa mkono, akaniuliza kwa alama ndogondogo, chinichini, ili asisumbue: "Wa ghalani ni wepi?"

Nikageuza macho nimwonyeshe. Nikatafuta safu ya kwanza, nikatafuta ya katikati, sikuona wa kwetu wanapoishia. Aliyekuwa anaomba alikuwa bado anaendelea, na wenzake Kitinda walikuwa wananitazama, wanangoja neno linalofuata. Nikawapa.

Wabusu wote wawili kwa niaba yangu, mkubwa na mdogo.

Ni mimi dada yako.